Gongo la Mke wa Daktari

Juzi mmoja wenu alinishika mkono sokoni akaniuliza, huyu Shekhan wako ni mtu au ni shetani? Nikamwambia ni mtu, tena mtu kama wewe. Sala hazimpiti na kofia yake haina doa. Ndiyo maana kisa chake kinanitia hofu hata mimi ninayekisimulia.

Kwa wale ambao gazeti lao la wiki iliyopita lilifungiwa bajia kabla hawajalisoma, mambo yalikuwa hivi.

Shekhan bin Jeilani ana duka la bakora na miavuli katika njia kuu ya Lamu. Ujanani alikaa Mombasa akiwabebea Wazungu mikoba yao ya gofu, na aliporudi kwao akawa mtu pekee mjini anayeyajua yale magongo. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alipofukia mikebe mitupu ya samli machangani, njia ya kwenda Shela, iwe mashimo ya mchezo wake, watu walikwenda kutazama wakarudi wakicheka. Badawi hakucheka. Badawi ni fundi wa kuchonga milango, na ni mume wa Alawiya, dada yake Shekhan. Alipiga kipira kimoja kwa kubahatisha, kikaruka mpaka kikapotea, na tangu siku hiyo hakuwa na habari nyingine.

Akaenda kwa shemeji yake amchagulie magongo.

Dukani mlikuwa na mikoba miwili aliyoiacha daktari wa Kizungu aliyehamishwa. Mmoja ni wake, mmoja ni wa mkewe. Shekhan alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba mkoba wa mke ndio unaomfaa mtu anayeanza. Akampa wa mume.

Kwa nini? Kwa sababu katika harusi moja, kwenye kirumbizi, ile ngoma ya kuchezeana fimbo, Badawi alimpiga pigo moja fimbo ikamtoka mkononi na kofia ikaanguka. Watu walicheka. Alawiya naye, huko juu darini na wanawake wenzake, alicheka. Shekhan akaona, na Badawi achekwe japo siku moja. Hakutaka zaidi ya hapo, nami namwamini.

Lakini gongo lile gumu lilichimba mchanga likagonga mwamba, mbele ya wageni wa Bwana Shauri. Gongo likasimama palepale. Mkono wa Badawi haukusimama, na kifundo kikavunjika.

Badawi alipokuwa kitandani aliuliza, "Shemeji, magongo yale yalikuwa na kasoro?" Hapo Shekhan akaogopa, akafanya la pili lililo baya kuliko la kwanza. Akasema, "Magongo hayana kasoro. Ila mkeo alikuombea mabaya. Nilimsikia akisema, ukiyashika magongo ya Wazungu, mkono huo na ukatike. Usinitaje tu."

Na kweli Alawiya alikuwa amesema. Alisema jikoni, akikuna nazi, kwa hasira za mke ambaye mumewe ameacha kazi anakimbiza vipira.

Badawi akaapa. "Kama ni ulimi wake uliouvunja mkono huu, basi ameachika." Na talaka mbili zilikwisha kutoka miaka ya nyuma. Hiyo ingekuwa ya tatu, ile isiyo na kurejeana.

Hapo ndipo nilipokata. Sogea.

*

Asubuhi ile Shekhan aliamka akakuta mahamri na mbaazi za nazi zimekwisha andikwa mkekani. Aliyeandika ni Alawiya. Alikuwa amerudi nyumbani kwa mama yao, Bi Mwanamkisi, na sanduku lake moja, akingoja Maalim Amini, mwamuzi wa mambo ya ndoa, aseme kama ameolewa au ameachwa. Baba yao alikwisha kufa zamani, na Shekhan ndiye mwanamume wa nyumba ile.

"Wewe huli?" Shekhan akamwuliza.

"Nimefunga."

"Yeo si Jumatatu wala si Alkhamisi."

"Nimefunga kwa ajili ya ulimi wangu," akasema Alawiya, akamsogezea bakuli.

Shekhan akamega hamri, akachovya.

"Kaka."

"Naam."

"Wewe umekaa na watu wengi, umeona mengi. Ulimi waweza kuvunja mkono wa mtu?"

Hapa, wasomaji wangu, hapa ndipo palikuwa mahali pake. Mlango ulikuwa wazi, mama yuko uani, hakuna mgeni. Neno lenyewe ni fupi. Angelisema akiwa amekaa kitako na kikombe mkononi.

Akasema, "Mungu ndiye ajuaye."

Alawiya akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia.

"Nilidhani mume wangu yuko juu anaoga," akasema. "Nikayatoa maneno tu, kwa hasira, kumbe yuko ngazini anasikia. Tangu aape sijamwona uso. Akinitazama sijui nitamwambia nini, maana niliyasema. Mkono ule ndio uliochonga kitanda changu cha harusi."

Akajifuta macho kwa ncha ya leso. Shekhan alitazama ukuta. Aliona haya hata kumwonea huruma.

Kisha akili yake, ambayo hupata kazi sana anapoogopa, ikampa njia.

"Alawiya, sikiliza. Maalim akikuuliza, kana."

"Nikane nini?"

"Sema hukusema. Nani atakayethibitisha?"

"Wewe ulikuwepo."

"Mimi nitanyamaza."

Alawiya alimtazama. Shekhan akadhani amegundulika. Lakini Alawiya alitabasamu kidogo, tabasamu la kwanza tangu arudi na sanduku lake.

"Kaka, wewe wanipenda, najua," akasema. "Lakini nimvunje mtu mkono, kisha nimdanganye na Mungu? Hilo siwezi. Kula, mahamri yanapoa."

Akala. Na mimi nawaambieni, mtu yule alikula mpaka bakuli likaisha, kwa kuwa aliona akiacha ataulizwa kwa nini.

*

Alikuwa hajafungua duka vizuri Badawi alipotokea. Mkono wa kulia umefungwa kwa vitambaa kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko, na begani kushoto amening'iniza mkoba wa magongo ya daktari.

"Salaam aleikum, shemeji. Nakurejeshea mzigo wako."

"Mkono vipi?"

"Hospitalini wanasema mfupa utaunga." Badawi akakaa kwenye kigoda cha wateja. "Vidole hivi viwili havifungi. Jana nilishika patasi ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka tena. Nikawaambia wale vijana wangu waondoke, sikutaka wanione."

Shekhan alichukua bakora moja akaanza kuipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Njoo alasiri kwa Maalim Amini," Badawi akaendelea. "Wewe ndiwe walii wake, msimamizi wake wa ndoa, lazima uwepo. Nimeapa, na sijui kiapo kimeanguka au kimesimama. Siwezi kuishi hivi, sijui mke ni wangu au si wangu. Maalim atakalosema nitalishika."

"Na wewe moyo wako wataka nini?"

Badawi alicheka kidogo bila furaha.

"Moyo wangu? Moyo wangu wataka aniletee uji aniambie mimi ni mjinga. Lakini mtu aliyekuombea mkono ukatike, utamwachiaje akupikie?" Akasimama. "Jina lako sikumtajia mtu. Nilikuahidi, na sitakutaja hata kwa Maalim. Kwa kweli, Shekhan, katika jambo hili ni wewe peke yako uliyenambia ukweli. Nakushukuru."

Akampa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa kutoa wa kushoto, akaenda zake.

Shekhan alibaki amesimama na bakora yake. Mnajua, mtu akikutukana unaweza kumjibu. Akikushukuru kwa uovu uliomfanyia, huna pa kushika.

Akafunga duka.

Msidhani alikwenda kwa Maalim. Alikwenda gatini. Mashua ya Kizingitini ilikuwa imekwisha kushusha samaki, na nahodha wake, Bwanamkuu, alikuwa akipakia mifuko ya mchele na unga arudi. Huko Kizingitini Shekhan ana ami yake. Akakata shauri akakae huko mpaka mambo yapoe. Walii asipokuwepo, shauri halisikizwi.

"Pana nafasi?" akauliza.

"Ipo. Panda."

Akatia mguu mmoja ndani.

Bwanamkuu akamtupia kamba aishike, akasema, kwa njia ya mazungumzo tu, "Pole kwa ya dada yako. Hata kwetu kisiwa cha Pate habari imefika."

"Imefika nini?"

"Kwamba amemvunja mumewe kwa dua. Mimi nina mwanangu mgonjwa, mke wangu amesema akipita njia yetu tumfiche mtoto." Nahodha akatema mate baharini. "Mke mwenye ulimi kama ule nani atamwoa tena? Atazeekea kwa mama yenu. Shika kamba, we, mbona waiachia?"

Shekhan alikuwa amekwisha kurudisha mguu nchi kavu.

Akasimama pale jua likimchoma. Mpaka hapo alikuwa akihesabu hasara ya talaka peke yake. Hakufikiri kwamba watu wangemficha dada yake watoto. Alawiya, ambaye alimuuguza yeye alipopata ndui, akamlisha kwa kijiko wakati hata mama yao alikuwa akiogopa kumgusa.

Akarudi dukani, akachukua gongo moja kutoka kila mkoba, akayafunga kwa shuka kuukuu.

Akaazimia kusema. Lakini, na hapa mnisikilize vizuri, aliazimia kusema moja. La magongo atalisema, kwa maana hilo ndilo litakaloiokoa ndoa. Lile la kupeleka maneno, halina haja. Badawi ameahidi kutomtaja, na Alawiya anadhani mumewe alisikia mwenyewe. Kwa nini atoneshe watu vidonda bure? Ndivyo alivyojiambia njiani, na alijiambia kwa sauti ya upole kabisa.

*

Chumba cha Maalim Amini kina mkeka mmoja na pazia moja. Wanaume walikaa mkekani. Nyuma ya pazia walikaa Bi Mwanamkisi na Alawiya.

Maalim alikuwa mzee asiyependa kupoteza maneno. Alimwambia Badawi arudie kiapo chake kama alivyokitamka, na Badawi akarudia.

"Alawiya, mwanangu," Maalim akasema kuelekea pazia. "Maneno hayo uliyasema?"

"Niliyasema, Maalim."

"Ulikusudia?"

"Nilikusudia asende. Mkono wake sikuukusudia."

Maalim akapitisha vidole kwenye tasbihi.

"Kuombeana mabaya tumekatazwa," akasema hatimaye, "kwa sababu huenda ombi likasadifu saa ya kujibiwa. Mtu hasemi kitu kisha akasema sikukusudia. Badawi, ulipovunjika, palikuwa na sababu nyingine unayoijua?"

"Hapana, Maalim. Nimecheza fimbo tangu utotoni, sijapata hata mchubuko. Siku ile nilipiga kama ninavyopiga siku zote."

Nyuma ya pazia Bi Mwanamkisi alianza kulia taratibu. Maalim akavuta pumzi, na kila aliyekuwamo chumbani alijua pumzi ile inakwenda wapi.

"Maalim," Shekhan akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, akakohoa akaanza upya. "Maalim, ulimi wake hauhusiki. Mkono huo nimeuvunja mimi."

Akafungua shuka, akayalaza magongo mawili mkekani.

Badawi aliyatazama, akamtazama yeye, hakuelewa.

"Eleza," Maalim akasema. "Mimi sijapata kushika hata moja."

Shekhan akaeleza. Maneno yalikuja, maana haya aliyajua.

"Hili ni la daktari. Tazama uso wake umesimama, na chini ni mwembamba. Mtu aliyecheza miaka hulipitisha juu ya mchanga bila kuugusa sana. Anayeanza hawezi, hulichimbia. Na mpini wake ni chuma kigumu, haupindi hata kidogo. Likikuta jiwe, pigo lote hurudi mkononi."

"Na hilo la pili?"

"Hili la mkewe. Uso umelala, kwa hiyo kipira hupanda chenyewe, si lazima mtu awe hodari. Chini ni pana, huteleza juu ya mchanga, halichimbi. Mpini ni mwepesi, nao hupinda kidogo, hupokea pigo kabla halijafika kwako. Kule Mombasa anayeanza hapewi mkoba mzima, hupewa machache ya namna hii, hata kama ana misuli ya kuli. Mtu mwenye nguvu asiyejua ndiye wa kupewa hili kabla ya wote, kwa sababu nguvu zake zitamgeukia mwenyewe."

Badawi aliyachukua kwa mkono wa kushoto, moja baada ya jingine. Akalipinda la kwanza kwenye goti, halikupinda. Akalipinda la pili, likakubali. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa lile la daktari. Ni fundi, ukingo wa chuma ni kitu alichokishika maisha yake yote.

"Hii ni patasi," akasema polepole. "Umenipa patasi nikapige mwamba."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza." Sauti ya Badawi haikupanda. "Siku ile dukani niliushika mkoba wa pili, nikakuuliza, na haya je? Ulinijibu nini? Sema, Maalim asikie."

Shekhan aliinamisha kichwa.

"Nilisema, utashika gongo la mwanamke mbele ya watu?"

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Sisi watu wa hapa, mtu hatoki barazani bila bakora, na bakora ndiyo inayosema yeye ni nani. Tunapochagua fimbo tunachagua ngumu na nzito, tunaipima kwa macho ya wenzetu kwanza, mkono baadaye. Shekhan anauza bakora, anajua wapi pa kumgusa mnunuzi. Badawi aliposikia neno "mwanamke" siku ile aliurudisha ule mkoba kama umemuunguza.

"Ulijua kwamba litamdhuru?" Maalim akauliza.

"Nilijua kwamba halimfai."

"Ulikusudia avunjike?"

"Wallahi sikukusudia. Nilikusudia achekwe, kama nilivyochekwa mimi kwenye kirumbizi." Machozi yalikuwa yakimtoka sasa, akayaacha yatoke. "Nisamehe, Badawi. Nimekuharibia mkono kwa ajili ya kofia."

Badawi alilaza magongo yote mawili chini, akageuza uso ukutani.

Maalim Amini alingoja mpaka kilio kikapungua. Kisha akasema, kwa sauti ya hukumu, "Kiapo kilitundikwa kwenye ulimi wa mke. Sababu imeonekana, na si ulimi wake. Sharti halikutimia, talaka haikuanguka. Alawiya ni mke wako, Badawi. Na kwa huu mkono wako utadaiana na Shekhan, leo hapa na kesho mbele ya Mungu."

"Alhamdulillahi," Bi Mwanamkisi akasema nyuma ya pazia.

Shekhan alijisikia mwepesi. Siwafichi, alijisikia mwema pia. Aliona amelibeba jiwe kubwa mbele ya watu akalitua, na hata njaa ikamwuma. Akaanza kufikiri jinsi atakavyomlipia Badawi vijana wa kazi mpaka vidole vifunge. Akajifuta uso kwa mkono wa kanzu.

"Bado moja," Maalim akasema.

Shekhan akainua kichwa.

"Badawi, umemtuhumu mkeo mbele ya mji, na watu wanamkimbia njiani. Itakubidi umwombe radhi. Nataka nijue unaomba radhi kwa lipi. Maneno yale uliyasikia mwenyewe?"

"La, Maalim. Niliambiwa."

"Na nani?"

Shekhan alitazama kidole chake cha mguu.

"Nilimwahidi sitamtaja," akasema Badawi.

Mtu huyo, ambaye dakika chache nyuma ameonyeshwa nani aliyemlemaza, bado alikuwa akimlindia siri yake. Hakumtupia Shekhan hata jicho. Niliposimuliwa kisa hiki mara ya kwanza, hapa ndipo niliposhindwa kuvumilia.

"Ahadi sitakuvunjisha," Maalim akasema. "Basi yaishe."

Shekhan akashusha pumzi.

"Hukusikia mwenyewe?" Ilikuwa sauti ya Alawiya, na ilikuwa karibu zaidi na pazia kuliko mwanzo. "Siku ile kabla ya mchezo wa wageni, adhuhuri, hukuwa juu unaoga?"

"Saa ile?" Badawi akashangaa. "Nilikuwa machangani na vipira. Nilirudi magharibi."

Kelele za punda na watu zilisikika njiani huko chini, kisha hazikusikika tena.

"Basi huna haja ya kumtaja mtu, Bwana," akasema Alawiya. "Nilisema jikoni nikikuna nazi. Mbele yangu palikuwa na mtu mmoja, naye alikuwa akila chakula changu."

Pazia likafunguka. Maalim akainamisha macho kwa heshima, Badawi akasimama.

"Kaka. Nitazame."

Shekhan akageuka. Alitegemea machozi, na macho ya dadake yalikuwa makavu.

"Asubuhi uliniambia nikane," akasema.

"Ukane nini?" Maalim akauliza.

"Nikane kwamba nilisema. Akasema yeye atanyamaza. Nikaona, maskini, kaka yangu anataka kuniokoa." Alawiya alizungumza polepole, kama mtu anayepanga vyombo. "Nilikuuliza, Shekhan, nikakuuliza kwa kinywa changu, ulimi waweza kuvunja mkono? Ulikuwa na mahamri yangu mdomoni. Nimefunga, nimelia, nimeogopa hata kumbusu mtoto wa jirani nisije nikamdhuru. Nawe wanambia Mungu ndiye ajuaye. Wewe ulijua."

Shekhan alifungua kinywa. Alikuwa na maneno mengi ya magongo, ya nyuso zilizolala na mipini inayopinda. La hili hakuwa nalo hata moja.

"Alawiya," Badawi akasema, akaunyosha ule mkono uliofungwa. "Twende nyumbani."

Alawiya alimtazama mumewe.

"Umeletewa neno na mtu, ukaniapia talaka. Hukupanda ngazi kuniuliza. Ningalikwambia kweli, Badawi, kama nilivyomwambia Maalim." Akageukia mkekani. "Maalim, umesema mimi ni mke wa huyu."

"Ndiyo, mwanangu."

"Kwake sirudi yeo. Na kwa mama, anayelala chumba cha mbele ni kaka huyu, na ndiye walii wangu kwa sheria. Huko nako sirudi. Nambie niende wapi."

Maalim Amini, ambaye watu huja kumwuliza kutoka Faza na Siyu, alikaa na tasbihi yake akakosa jibu. Badawi aliushusha mkono. Bi Mwanamkisi alimwita binti yake kwa jina, mara ya kwanza kwa sauti, mara ya pili kwa kunong'ona.

Alawiya alijifunika buibui, akavaa makubadhi mlangoni.

Shekhan hakuthubutu kusimama. Alisikiliza makubadhi yale yakishuka ngazi, kisha yakapita chini ya dirisha, yakishika njia ya gatini, upande wa mji ambao hawana jamaa hata mmoja.